Rangi za Masikio

Nukta kwenye skrini ilikuwa ya kijani. Angesimamishwa mbele ya hakimu, angekula yamini kwamba ilikuwa ya kijani, na kijani katika chumba kile kilikuwa na maana moja tu: valvu iko wazi, maji yanapanda kilimani. Ila sauti ya muuguzi mkuu wa hospitali ya kilimani kwenye simu haikukubaliana na nukta.

"Nakuuliza mara ya pili, kaka. Maji yetu yako wapi? Wodi ya wazazi ina mabomba manne, na yote manne yanakohoa hewa."

"Yapo njiani, dada. Hapa naona valvu yenu imefunguka."

"Unaona wewe. Mimi huku nina mzazi mwenye mtoto wa robo saa, na wakunga wangu wananawa kwa maji ya chupa. Angalia vizuri."

Aliangalia vizuri. Kuangalia vizuri ndiko kulikomchosha tangu mfumo mpya uliposimikwa wiki mbili nyuma, hadi akawa anarudi nyumbani na kichwa kinachogongwa kama mlango wa mdeni. Kwenye skrini kulikuwa na ramani ya mabomba ya mji mzima, na juu ya mabomba hayo nukta ishirini na nane, kila nukta na valvu yake. Za kijani zimefunguliwa, nyekundu zimefungwa. Ndivyo karatasi ya maelekezo ilivyosema. Machoni pake zote zilikuwa na rangi ya udongo uliolowa.

Akaweka simu mezani, akafumba macho, akasikiliza.

Chumba chake kilikuwa juu ya ukumbi wa pampu, na sakafu ilimletea mngurumo wa kila mtambo kupitia nyayo. Pampu ya pili, ile ya kilimani, ikibeba maji hunguruma kwa uzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Sasa ilikuwa inaimba nyepesi, haina mzigo. Valvu ilikuwa imefungwa. Ilikuwa imefungwa tangu aliposhika zamu.

Akabofya. Baada ya muda mngurumo ukashuka, ukanenepa, ukaingia katika uzito wake. Kilimani mabomba yakakohoa kwa mara ya mwisho, yakatema maji. Hospitali ilikuwa imekaa kavu nusu saa. Hakuna aliyekufa. Hilo alilithibitisha kwa simu, kisha akapiga tena kulithibitisha, mpaka muuguzi mkuu akamwambia, "Kaka, tumeshapata maji, sasa tuache tufanye kazi."

Katika kitabu cha zamu akaandika: *Valvu ya kilimani ilichelewa kufunguka. Imerekebishwa.* Akausoma mstari ule mara tatu. Valvu haina mdomo wa kujitetea.

Kazini walimwita Masikio. Jina la vyeti lilikuwepo, ila hata karani wa mishahara alilazimika kufikiri kwanza kabla ya kulikumbuka. Alilipata jina hilo katika mwaka wake wa kwanza, siku aliposimama katikati ya ukumbi akasema pampu ya nne itakufa kabla ya wiki kwisha, na mafundi wakamcheka, na siku ya tano pampu ikafa. Tangu hapo hakuna aliyefungua mtambo bila kumwita kwanza aje ausikilize. Wageni walipokuja kutembelea, Meneja alimtambulisha kwa fahari kama mtu anayeonyesha saa ya ukutani iliyorithiwa.

Wasichojua ni kwamba alijifunza kusikia kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao. Akiwa mtoto alichuma pilipili mbichi zikiwa zimechanganyika na mbivu, akachapwa kwa uvivu. Alipoomba kazi hii, miaka ishirini na miwili iliyopita, palikuwa na daktari mwenye kitabu cha kurasa zenye vitone vya rangi, na ndani ya vitone zimejificha tarakimu. Alikuwa wa saba kwenye foleni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akasikia wa kwanza akisoma: kumi na mbili, nane, ishirini na tisa, tano. Akasikia wa pili, wa tatu, wa nne. Zamu yake ilipofika alizitaja kama mtoto anayetaja siku za wiki, na daktari akapiga muhuri bila kuinua kichwa.

Kwa miaka yote hiyo siri haikumsumbua, kwa sababu ubao wa zamani ulikuwa muungwana. Kila valvu ilikuwa na taa mbili: ya kushoto ikiwaka, iko wazi, ya kulia ikiwaka, imefungwa. Hakuhitaji rangi, alihitaji kushoto na kulia tu, na hizo hata kipofu anazo. Kisha ukaja mfumo mpya, ubao ukang'olewa ukaenda kuuzwa chuma chakavu, na taa mbili zikawa nukta moja inayogeuka rangi mahali palepale.

Pamoja na mfumo kukaja waraka kutoka ofisini, uliobandikwa juu ya birika la chai: *Sura moja, shirika moja. Ni marufuku kubadili mwonekano wa kompyuta za kazi.*

*

Aliyemwonyesha programu ya kujaribia sura za kompyuta alikuwa mwenzake wa zamu ya asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini hivi waliyempachika jina la Tahadhari. Hakuna aliyewahi kumwona akiteremka ngazi bila kushika nguzo, na hata chai aliipuliza ikiwa imeshapoa. Lakini kila mtu ana tundu analopitishia pumzi. Tundu lake lilikuwa kompyuta yake ndogo ya nyumbani, ambayo kila alipokuja nayo ilikuwa na sura mpya: leo madirisha ya samawati yenye kingo za mviringo, kesho meusi yenye maandishi ya rangi ya asali.

"Unazipata wapi hizi?" Masikio alimuuliza wakati wa kukabidhiana zamu, siku mbili baada ya tukio la hospitali.

"Watu wanazitengeneza, wanazigawa bure. Maelfu." Akamfungulia kidirisha kidogo. "Ila mimi sivai nguo kabla ya kuijaribu. Hii programu ni ndogo, haizidi ukubwa wa wimbo mmoja. Unaipa sura yoyote, inakuonyesha madirisha, vitufe na rangi zitakavyokuwa, na kompyuta yako haijaguswa bado. Ukipenda, unavaa. Usipopenda, unafunga, hakuna kilichoharibika."

"Na ukitaka rangi ambazo hakuna aliyezitengeneza?"

"Sura yenyewe ni faili la maandishi tu, mzee wangu. Kila kitu kina namba ya rangi yake. Unabadili namba, unatazama tena." Akamkazia macho. "Kwani wewe tangu lini na mapambo?"

"Uzee," akasema Masikio. "Uzee una mambo yake."

Tahadhari hakuuliza zaidi. Siku iliyofuata alimwachia flashi ndani ya bahasha, na juu ya bahasha ameandika *Tahadhari*, isijulikane kama ni jina la mtumaji au ni onyo.

*

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilikuwa karakana yake. Ukutani reli za nyuzi za rangi mia na zaidi, mezani mkasi, chaki, futi ya kupimia. Ndiye aliyemchagulia mumewe mashati kwa miaka ishirini na saba. Ndiye aliyemwambia nyanya zipi zimeiva. Watoto wao mapacha walikua na kuondoka bila kujua kwamba baba yao aliwahi kwenda harusini na soksi mbili za rangi mbili, kabla mama yao hajaingia katika maisha yake.

Jumamosi mchana, nyumba ikiwa tulivu, Masikio aliweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, akasema, "Mke wangu, leo nahitaji macho yako kuliko siku zote."

Akamweleza habari ya hospitali. Alikuwa hajamweleza. Mama Pacha alisikiliza huku sindano iko kati ya midomo yake. Aliposikia habari ya wakunga na maji ya chupa, akaitoa sindano, akaichomeka kwenye kijimto.

"Na kitabuni uliandika nini?"

"Kwamba valvu ilichelewa."

"Mh." Mguno ule ulikuwa mfupi, lakini Masikio aliyejua kusikiliza mitambo aliusikia wote. "Na sasa unataka nikushonee nini?"

Wakaanza. Programu ilifunguka katika kidirisha kisichozidi kiganja: dirisha la mfano, vitufe vya mfano, ukurasa wa mfano. Masikio aliiwekea sura moja baada ya nyingine, na kwa kuwa waliounda mfumo wa maji walikuwa wameufanya uazime rangi zake kutoka kwenye sura ya kompyuta, alijua kwamba chochote atakachokiona hapa ndicho atakachokiona kule. Sura ya kwanza: udongo. Ya pili: udongo. Ya tisa ilikuwa na waridi na zambarau, akaona kitu, kisha kikapotea. Ya kumi na nne ilikuwa nzuri mno, Mama Pacha akataka ibaki hivyo hivyo aitazame, lakini kwa mumewe ilikuwa ukungu.

"Tuache za watu," alisema Mama Pacha mwishowe. "Nguo ya dukani haimkai mwenye bega moja juu. Fungua hilo faili, tukate wenyewe."

Wakafungua faili. Namba zikajipanga kama vipimo kwenye daftari la fundi. Masikio akabadili moja, wakatazama; akabadili nyingine, wakatazama. Mama Pacha alichomoa reli za nyuzi ukutani akazishika karibu na skrini. "Hii ni ya nyasi. Hii ni ya damu. Unaona tofauti?" Haoni. "Hii ya bahari, na hii ya yai bichi?"

Masikio akasogeza kiti mbele.

"Baba Pacha? Unaona?"

Aliona. Moja ilikuwa ya baridi, imekaa ndani kama kisima. Nyingine ilikuwa inapiga kelele. Hazikuhitaji kuangaliwa vizuri, zilijisema zenyewe. Akafunika macho kwa viganja, akafungua ghafla: samawati, njano. Akageuza kichwa, akarudi: samawati, njano. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja alicheza mchezo huo mbele ya kompyuta mpaka mkewe akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona mumewe analia.

*

Jumatatu aliichomeka flashi kwenye kompyuta ya kazi. Kwa siku nne Masikio alifanya kazi kama mtu aliyevuliwa kiatu cha kubana. Nukta ishirini na nane zilikaa mbele yake, wazi samawati, zilizofungwa njano, na aliporudi nyumbani kichwa kilikuwa kimya. Akiondoka, alirudisha sura ya shirika. Siku ya nne hakurudisha. Hakusahau. Aliweka kidole juu ya kitufe, akakitazama kidole chake, akakiondoa.

Ijumaa, Meneja aliingia chumbani na makaratasi yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliujengea mfumo ule ndoto zake zote, na siku ulipozinduliwa alivaa suti iliyombana.

"Nani ametia mapambo kompyuta ya shirika?"

"Ni mimi, Meneja. Na si mapambo."

"Waraka umeusoma?"

"Upo juu ya birika. Nausoma kila nikichemsha chai."

"Basi irudishe kama ilivyokuwa." Meneja alikuwa ameshageuka kuondoka. Agizo la namna hiyo halikuwahi kuhitaji kusubiriwa jibu.

"Hapana," akasema Masikio.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lakini lilikuwa limekaa tumboni mwake miaka ishirini na miwili, na lilipotoka lilimshangaza hata yeye. Meneja akageuka polepole.

"Umesema?"

"Nimesema hapana, Meneja. Ukiirudisha, mimi sitaweza kuendesha mtambo huu. Sura hii haitoki mpaka nielezwe kwa nini inawaudhi."

"Jumatatu," Meneja akasema, akikunja makaratasi yake kwa utaratibu. "Saa tisa alasiri. Utajieleza mbele ya Mhandisi Mkuu. Na uje na jina la aliyekupa hicho kidude."

*

"Sema ni macho ya uzee," Mama Pacha alishauri usiku ule, kisha Jumamosi asubuhi akalikana shauri lake mwenyewe. Alikuwa anapiga pasi shati. "Hapana. Usiseme hivyo. Mimi nimechoka, Baba Pacha. Nimekuwa macho yako ya wizi tangu ujana wangu. Kukuchagulia nyanya sijachoka, nitakuchagulia mpaka kaburini. Nimechoka kujificha. Tuna kosa gani?"

"Nilimdanganya daktari."

"Basi hilo liseme. Mficha uchi hazai." Akaisimamisha pasi. "Watakufukuza?"

"Huenda."

"Nitashona usiku na mchana. Kwani hii cherehani ni mapambo?"

Masikio akacheka, na katika kucheka huko shauri likamjia. Akaifungua kompyuta tena, akafungua programu ile ndogo, akamwita mkewe.

"Safari hii tukate nguo nyingine. Punguza nyekundu, ongeza udongo. Halafu kijani, hivyo hivyo. Ukishindwa kabisa kuzitofautisha, niambie tumefika."

Mama Pacha akavuta kiti. Iliwachukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza, maana macho mazima ni magumu kudanganya. Mwishowe akainamia skrini, akarudi nyuma, akainama tena.

"Tumefika," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Hivi ndivyo unavyotuona? Siku zote?"

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, kompyuta moja yenye nakala ya mazoezi ya mfumo, na feni inayolalamika kwenye beringi ya kushoto. Masikio aliisikia kabla hajaketi. Kulikuwa na watu watatu: Meneja, karani wa kuandika, na Mhandisi Mkuu, mwanamke aliyekaribia kustaafu, ambaye maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba watu waliyahesabu.

Meneja alianza kwa upole uliopangwa. Alikuwa na karatasi tayari. "Mzee, hatutaki makubwa. Umetumikia vizuri. Umri ni umri. Tumekuandalia nafasi ghalani, kazi nyepesi. Hapa panasema umeomba mwenyewe kuhamishwa. Weka sahihi, tusahau habari ya Ijumaa."

Masikio aliisoma karatasi yote. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaisukuma ikarudi alikotoka.

"Sikuomba," akasema. "Na sitasema nimeomba. Nimekuja kusema mambo matatu, kisha mtaniamulia mnavyotaka."

Karani akainua kalamu.

"La kwanza. Mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Sijawahi, tangu kuzaliwa. Siku ya kupimwa niliwasikia walionitangulia, nikakariri. Nilimdanganya daktari. La pili. Tarehe tisa hospitali ya kilimani ilikaa nusu saa bila maji. Kitabuni niliandika valvu ilichelewa. Haikuchelewa. Ilikuwa nyekundu, mimi nikaiona kijani. Liandike hilo, dada karani, kwa maneno hayo hayo."

Meneja akaivuta ile karatasi kwake. Feni ikalalamika.

"Umelidanganya shirika miaka ishirini na miwili," akasema, "halafu unanijia kifua mbele? Huu si ukaidi?"

"Ni ukaidi, Meneja. Aibu nilikuwa nayo, nimeitumia yote. Na la tatu sitalisema, nitawaonyesha."

Akasimama, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya mazoezi. Kidirisha kidogo kikafunguka. Akawaeleza kinafanya nini, kwa maneno ya fundi cherehani: hii ni nguo ya kujaribu, haijashonewa mtu bado. Akaichagua sura waliyoikata Jumamosi, akaivisha skrini. Ramani ya mabomba ikajitandaza, na juu yake nukta ishirini na nane za rangi ya udongo uliolowa.

"Karibu, Meneja. Kiti hiki hapa. Ni mazoezi tu, hakuna bomba la kweli. Hospitali ya kilimani imepiga simu. Niambie valvu yao iko wazi au imefungwa."

Meneja alibaki amesimama. Alimtazama Mhandisi Mkuu, kama anayeomba aokolewe, lakini yeye alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani. Basi akaketi. Alisogeza uso karibu na skrini. Aliurudisha nyuma. Alivaa miwani.

"Zote zinafanana."

"Ndiyo. Na muuguzi yuko kwenye simu. Ana mtoto wa robo saa."

"Huwezi kutarajia mtu..." Akabofya moja. Dirisha la onyo likaruka: alikuwa amefunga valvu iliyokuwa wazi. Akabofya nyingine. Onyo la pili. Shingo yake ikaanza kutoa jasho, na pale kwenye kola lilionekana kwa kila mtu. Alipoliona la tatu akakiachia kipanya kama kitu cha moto.

"Hii umeiharibu makusudi," akasema.

"Nimeitengeneza makusudi. Mmenikalisha mbele ya hii wiki mbili, na sikufungua kinywa, na kimya changu nusura kiue mtu. Kosa hilo ni langu, sikimbii. Lakini nguo inayonikaa ninayo, iko ndani ya flashi hii hii, haimdhuru asiye na tatizo kama langu. Ninyi mnanitaka niivue kwa sababu waraka umesema sura moja."

"Waraka una sababu! Zamu tatu, watu sita. Kila mtu akiivisha skrini apendavyo, siku ya hatari nani atamwelewa nani?"

"Swali la haki," akasema Masikio. "Basi tuvae sote ile ambayo kila mtu anaiona. Sura moja, shirika moja. Sina ugomvi na maneno hayo."

Mhandisi Mkuu akazungumza kwa mara ya kwanza. "Kidude hiki alikupa nani?"

"Hilo silisemi, Mhandisi."

"Nikiagiza?"

"Hata ukiagiza. Mimi ndiye niliyekichomeka."

Mhandisi Mkuu alimtazama. Uso wake haukusema kitu, na Masikio, aliyezoea kusikia kisichoonekana, hakusikia kitu pia. Kisha akanyanyuka, akamwashiria Meneja apishe, akaketi mbele ya nukta za udongo. Akakishika kipanya.

"Ngoja nje," akasema bila kugeuka.

*

Nje kulikuwa na benchi na dirisha linalotazama uani. Masikio aliketi na mikono magotini. Ndani alisikia sauti ya Meneja, kisha kimya, kisha mbofyo, kisha mlio wa onyo. Kisha kimya kirefu. Kisha onyo tena. Meneja akasema jambo lenye neno "kanuni" ndani yake, na Mhandisi Mkuu akajibu kwa neno moja ambalo hata masikio yake hayakulipata.

Hofu aliyoitarajia haikuja. Badala yake ilikuja ile hali ya mtu aliyetua mzigo, mabega yanapanda yenyewe na hayajui pa kukaa. Wangeweza kumfukuza. Wangeweza kumpeleka ghalani, au mahakamani. Vyote viliwezekana, na vyote sasa vingempata yeye mwenyewe, si yule mtu mwingine aliyekariri tarakimu mlangoni.

Saa ya ukutani ikasema saa kumi kasoro dakika tano. Zamu yake ilianza saa kumi. Katika saa moja ijayo mji wote ungerudi nyumbani, ungefungua mabomba, ungebandika masufuria, ungeogesha watoto, na pampu ya tatu ilipaswa kuamshwa kabla presha haijashuka mtaa wa chini. Mle ndani hakuna aliyekuwa akilifikiria hilo. Walikuwa wanamfikiria yeye.

Akanyanyuka, akapiga hatua mbili kuelekea mlango ule, kama anayetaka kubisha. Akaghairi. Akashika ngazi za chumba cha mitambo.

Tahadhari alikuwa anakusanya vitu vyake, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Wamesemaje?"

"Bado wanasema."

"Sasa mbona umekuja?"

"Saa kumi hii."

Akatia mkono mfukoni kutafuta flashi, akakumbuka ameiacha mkutanoni. Kisha akaitazama skrini. Samawati, njano. Samawati, samawati, njano.

"Fundi wa kompyuta alikuja saa tatu asubuhi akairudisha ile ya shirika," alisema Tahadhari, huku akifunga mkoba wake kwa uangalifu mkubwa, bila kumtazama. "Alipotoka nikaitoa. Ijumaa nilikuwa nimeinakili hii yako." Akafika mlangoni, akashika nguzo ya ngazi. "Nilikuwa nayo hivyo mchana kutwa, mzee wangu. Wala sikujikwaa."

Nyayo zake zikashuka, moja, moja, moja. Masikio akavuta kiti. Akaamsha pampu ya tatu, akasubiri, miguu sakafuni. Ilichukua muda, kama kawaida yake, ikanung'unika, ikakohoa, ikaanza kuutafuta mzigo wake. Simu ya mezani ikalia. Juu yake kikawaka kitaa cha kwanza, cha laini ya ofisini juu. Akaitazama ikilia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye skrini nukta ya mtaa wa chini ilikuwa inageuka, njano inamezwa na samawati taratibu, na chini ya nyayo zake mngurumo ukanenepa.

Ulipokaa sawasawa, akanyanyua simu.

"Chumba cha mitambo," akasema. "Nipo kazini. Semeni."